Antigone wa New Brighton

Mwaka 1963 watu wachache kutoka mtaa wa New Brighton walibisha hodi katika nyumba moja mjini Port Elizabeth, Afrika Kusini. Mwenye nyumba, Athol Fugard, alikuwa mtunzi wa tamthilia, Mzungu wa miaka thelathini hivi. Miongoni mwa wageni wake alikuwamo Norman Ntshinga. Hawakuwa na jukwaa wala fedha, na hawakuwa waigizaji wa kazi. Walikuja na ombi moja tu: awasaidie kuunda kundi la kuigiza.

Kutoka mlango ule kisa hiki kinapita katika ukumbi wa mtaani, chumba cha mahakama na gereza la kisiwani, kisha kinafika London na New York. Kinachobebwa njia nzima ni mchezo uliotungwa kwa mashairi ya Kigiriki miaka 2,400 iliyopita. Nakisimulia hatua kwa hatua, kwa sababu wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba tamthilia za kishairi za kale ni mali ya vyuo vikuu, na kwamba watu wa mtaani watazielewa iwapo tu zitarahisishwa. Watu wa New Brighton walizichukua kwa njia nyingine.

Mtaa wenyewe ulianzishwa mwaka 1903 kwa ajili ya Waafrika walioondolewa katikati ya mji. Sehemu yake kongwe inaitwa Red Location, kwa sababu mabati ya nyumba zake yalishika kutu yakawa mekundu. Hapo New Brighton, tarehe 26 Juni 1952, Raymond Mhlaba aliongoza wenzake kuingia stesheni ya reli kwa mlango wa Wazungu, nao wakakamatwa. Kampeni ya kukaidi sheria za ubaguzi ikawa imeanza. Ulikuwa mtaa wa makwaya na wa vyama vya wafanyakazi, na pia wa kitabu cha pasi, ndugu wa kile kipande ambacho wazee wa Kenya walivishwa shingoni. Kufikia mwaka 1963 chama cha ANC kilikuwa kimepigwa marufuku, na sheria mpya iliwaruhusu polisi kumweka mtu ndani siku 90 bila mashtaka.

Fugard aliijua mashine hiyo kwa ndani. Mwaka 1958 alikuwa karani katika mahakama ya Johannesburg iliyohukumu Waafrika kwa makosa ya pasi. Mwaka 1961 aliandika na kuigiza The Blood Knot pamoja na Zakes Mokae, Mzungu na Mwafrika jukwaa moja. Wageni wake hawakumkosea mlango.

Kundi lilijiita Serpent Players, yaani Waigizaji wa Nyoka, kwa kuwa mahali pao pa kwanza palikuwa shimo la zamani la kufugia nyoka katika jumba la makumbusho la mji. Mchezo wao wa kwanza ulikuwa Mandragola wa Mwitaliano Niccolò Machiavelli. Ni kichekesho cha karne ya 16 kuhusu mume mwenye mali anayetamani mtoto kwa udi na uvumba, na kijana mjanja anayejifanya tabibu ili ampate mke wa mzee huyo. Waliuita The Cure, yaani Tiba, wakauhamishia mtaani kwao. Mume anayelaghaiwa na tabibu wa uongo hahitaji kuelezwa kwa mtu yeyote, awe wa Florence, wa New Brighton au wa Kariakoo. Baadaye wakaigiza Woyzeck wa Georg Büchner na The Caucasian Chalk Circle wa Bertolt Brecht.

Hivyo ndivyo walivyojifunza: kwa kufanya. Mchana walikuwa kwenye ajira zao, usiku walikuwa mazoezini. Polisi walivamia mazoezi, wakaandika majina, wakatafuta maandishi. Kila mchezo uliwafundisha jambo. Kichekesho cha Machiavelli kiliwafundisha kwamba mahali pa kisa panaweza kubadilika, majina na mavazi yakabadilika, mradi lile fundo linalokishika kisa lisikatwe. Mtu anayetohoa mchezo huanza kwa kulitafuta fundo hilo. Akilikosa, hata akiwavika wahusika kanga na kanzu, mchezo utabaki mgeni.

Kisha wakafikia Antigone wa Sophocles, ulioigizwa Athens yapata mwaka 441 kabla ya Kristo. Ndugu wawili, wana wa mfalme Oedipus, wameuana wakigombea mji wa Thebes. Mjomba wao Creon ametwaa utawala na kutoa amri: mmoja azikwe kwa heshima, mwingine, Polynices, aachwe juani aliwe na mbwa na ndege, na atakayemzika atakufa. Dada yao Antigone anakwenda na kummwagia maiti udongo kwa mkono wake. Anakamatwa na kuletwa mbele ya Creon, na hakani. Sheria ya kuwazika wafu, asema, ni kongwe kuliko amri ya mfalme yeyote. Haemon, mwana wa Creon na mchumba wa Antigone, anamsihi baba yake asikilize minong'ono ya mji. Mfalme hageuki. Antigone anafungiwa pangoni akiwa hai. Creon anagutuka akiwa amechelewa: Antigone amejinyonga, Haemon anajiua, na mke wa mfalme naye anajiua.

Kwa mpangaji wa maonyesho mchezo huo ni mgumu. Umetungwa wote kwa ushairi. Mazungumzo yana mizani yake, na baina ya maonyesho wazee 15 wa mji huimba na kucheza nyimbo zenye mafumbo ya miungu ambayo leo hakuna anayeiabudu. Waigizaji wake wote Athens walikuwa wanaume waliovaa vinyago, na watazamaji walikijua kisa kabla hawajaketi. Ukiupeleka kwa watu wasioijua Thebes wala Oedipus, utawashikisha nini?

Watu wa New Brighton walikuwa na cha kushika. Tarehe 6 Novemba 1964 Vuyisile Mini alinyongwa Pretoria, pamoja na Wilson Khayinga na Zinakile Mkaba. Mini alikuwa kiongozi wa vyama vya wafanyakazi huko Port Elizabeth, mtunzi wa nyimbo, mwimbaji wa sauti nzito ambaye kwaya za mtaa zilimfahamu. Inasimuliwa kwamba alikwenda kitanzini akiimba. Serikali haikuwapa jamaa mwili wake. Alifukiwa huko huko Pretoria, zaidi ya kilomita 1,000 kutoka kwao, katika kaburi la fukara lisilo na jina.

Mwaka uliofuata, 1965, Serpent Players waliigiza Antigone.

Kwa mtaa ambao wana wake walikuwa wamenyongwa na kufukiwa mbali bila kuoshwa wala kuombolezwa na mama zao, amri ya Creon haikuwa hadithi ya Wagiriki. Hapakuhitajika msimulizi wa kusimama mbele na kufafanua. Miungu ya Thebes walikuwa hawaijui, ila maiti iliyonyimwa ndugu zake waliijua. Hilo ndilo lililokuwa fundo la mchezo.

Serikali nayo, bila kutaka, ilichangia katika onyesho. Kabla ya siku yenyewe, aliyepangiwa nafasi ya Haemon alikamatwa. Kijana wa New Brighton, John Kani, aliyezaliwa mwaka 1943, akaingia mahali pake. Ndivyo alivyojiunga na kundi, kwa kuziba pengo la mfungwa. Baadaye Kani alimleta pia Winston Ntshona, rafiki yake tangu shuleni. Mchezo ukaonyeshwa katika ukumbi wa St Stephen's, na Fugard hakuuona. Alikuwa Mzungu, New Brighton ilikuwa ya Waafrika, na kibali cha kuingia alinyimwa. Mwongozaji alibaki nje ya mtaa huku kazi yake ikiendelea mikononi mwa wenyewe.

Waigizaji waliokamatwa walipelekwa mahakamani, na huko kundi likajifunza somo jingine. Mke wa mwigizaji mmoja alikwenda kusikiliza kesi ya mumewe katika mji wa Cradock. Mahakamani akakutana na mzee aliyekuwa amehukumiwa kifungo kirefu. Mzee yule akavua koti lake, akamkabidhi ampelekee mkewe, na agizo kwamba alitumie. Mama alirudi New Brighton na koti hilo na habari yake. Kundi lilikaa na habari hiyo, likajiuliza maswali: Mke yule alipolipokea alifanya nini? Kodi ya nyumba ilipokuja, aliliuza? Majibu waliyoyaigiza yakawa mchezo mfupi, The Coat, mwaka 1966.

Katika mchezo huo waigizaji walificha majina yao kwa sababu ya polisi. Kila mmoja alijitambulisha kwa jina la mhusika aliyewahi kumwigiza. Mmoja alikuwa Marie, kutoka mchezo wa Büchner. Mwingine alikuwa Lavrenti, kutoka kwa Brecht. Mwingine alikuwa Haemon. Jina lililotungwa Athens likawa ngao ya mfanyakazi wa Port Elizabeth.

Wakati huo Antigone mwenyewe alikuwa amevuka maji. Kisiwa cha Robben kinaonekana kutoka Cape Town, na huko ndiko walikopelekwa wafungwa wa kisiasa, wakiwamo waigizaji wa Serpent Players. Hawakuruhusiwa kuchukua maandishi. Walichokuwa nacho ni kile walichokihifadhi kwa ghibu katika mazoezi ya usiku, na hapa ushairi ulionyesha faida yake. Maneno yaliyofungwa kwa mizani hukaa kichwani kuliko maneno ya kawaida. Hilo watu wa pwani yetu wanalijua, kwani tenzi ndefu zilipita vizazi katika vifua vya walioziimba. Kutokana na kumbukumbu hiyo mchezo wa Sophocles ulipunguzwa ukawa wa dakika 15 hivi, wa waigizaji wawili, ukaonyeshwa katika tamasha la wafungwa.

Sophocles mwenyewe anasifiwa kwa kumwongeza mwigizaji wa tatu katika tamthilia ya Kigiriki. Kisiwani walirudi kwenye wawili. Waliwaacha wazee 15, wakamwacha malkia na nabii kipofu aliyemo mchezoni, wakabakiza mtu na dola wakitazamana: anayeshitakiwa na anayehukumu. Si kwamba waliudogosha mchezo. Waliukata hadi kwenye mfupa, na mfupa ulipofikiwa ukaonekana kuwa umetosha.

Nelson Mandela, aliyekaa kisiwani kuanzia mwaka 1964 hadi 1982, anasimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba wafungwa walikuwa na kundi lao la kuigiza lililotoa mchezo wakati wa Krismasi. Hapakuwa na jukwaa, mandhari wala maleba, ila maneno ya mchezo tu. Antigone ulipoigizwa, yeye aliigiza Creon. Mtu angedhani kwamba angepewa nafasi ya muasi, naye akachukua nafasi ya mtawala. Anasema Creon huanza vizuri, akiwa mtu wa busara na mpenda nchi, lakini ugumu wake na upofu wake vinamharibu, kwani kiongozi hana budi kuchanganya haki na huruma. Miaka mingi kabla ya kupewa nchi, mfungwa huyo aliyasema kwa kinywa chake mwenyewe maneno ya mtawala asiyetaka kusikia, na akaona yanampeleka wapi.

Sophocles hakuwa peke yake kisiwani. Mfungwa mmoja, Sonny Venkatrathnam, alikuwa na kitabu cha kazi zote za Shakespeare. Alikifunika kwa kadi za sikukuu ya Diwali ili walinzi wakidhani ni kitabu cha dini ya Kihindu. Kilipita mkono kwa mkono, na wenzake wakatia sahihi kwenye kifungu walichokipenda. Tarehe 16 Desemba 1977 Mandela alitia yake katika Julius Caesar, pale Kaisari anapozungumza juu ya waoga na kifo. Mchezo huo ndio ambao Mwalimu Julius Nyerere aliufasiri kwa Kiswahili, tafsiri iliyochapishwa mwaka 1963, mwaka ule ule ambao watu wa New Brighton walibisha hodi kwa Fugard.

Miaka ikapita. Mwaka 1972 Fugard, Kani na Ntshona walitunga Sizwe Banzi is Dead, juu ya mtu na pasi yake, wakauonyesha katika ukumbi wa The Space, Cape Town, ambao haukujali sheria ya kutenganisha rangi. Kani na Ntshona walikuwa wameamua kuishi kwa kuigiza, jambo ambalo sheria haikulitambua kwa Mwafrika. Katika vitabu vyao vya pasi waliandikwa kuwa watumishi wa nyumbani kwa Fugard.

Mwaka 1973 wakaanza kazi nyingine, na walianza na blanketi. Fugard alilitandika sakafuni, akawaambia wasimame juu yake na kuizunguka nafasi hiyo. Kisha akalikunja nusu. Wakazunguka tena. Akalikunja tena, na tena, hadi watu wazima wawili wakawa wanabanana mahali pasipotosha hata mmoja kugeuka. Hapo hapakuwa tena na haja ya kuuliza mchezo utahusu nini. Walikuwa wamesimama ndani ya seli.

Mchezo ule leo unaitwa The Island, yaani Kisiwa. Ulipoonyeshwa mara ya kwanza The Space, tarehe 2 Julai 1973, haukuitwa hivyo, kwani kusema hadharani habari za magereza lilikuwa kosa. Uliitwa Die Hodoshe Span, kikosi cha kazi cha Hodoshe. Hodoshe ni neno la Kixhosa, inzi wa kijani atuaye kwenye mizoga. Wafungwa wa Robben walimpa mlinzi mmoja jina hilo. Nakala ya maandishi haikuwekwa, ili polisi wasipate ushahidi wa kushika mkononi. Kwa mara nyingine mchezo uliishi vichwani.

Unaanza bila neno. Wafungwa wawili, John na Winston, kila mmoja anachimba mchanga, anajaza toroli, anasukuma, anamwaga. Lakini kila mmoja anamwaga pale mwenzake anapochimba. Kazi haiishi wala haiendelei. Mchanga haupo jukwaani, toroli haipo. Upo mwili wa binadamu na jasho lake, na watazamaji wanakalishwa dakika nyingi wakiangalia kazi isiyo na maana ikimla mtu.

Seli ikifungwa, wawili hao wanafanya mazoezi ya Antigone kwa ajili ya tamasha la gereza. John atakuwa Creon. Winston amepewa Antigone, naye hataki. John anamvika wigi na matiti ya bandia, na mkufu uliotengenezwa kwa misumari iliyookotwa, kisha anaangua kicheko. Winston anavivua kwa hasira. Hakuja kisiwani, asema, ili wafungwa na walinzi wamcheke akiwa mwanamke. John anamjibu kwamba watu watacheka, naam, lakini kicheko kitakwisha, na baada ya kicheko watasikiliza. Kisha habari inaingia: kifungo cha John kimepunguzwa, bado miezi mitatu tu. Cha Winston ni cha maisha. Mapenzi yao yanabeba uzito huo hadi siku ya tamasha.

Siku hiyo Winston anasimama mbele ya Creon akiwa na wigi kichwani. Anakiri kosa la kumzika ndugu yake. Anapohukumiwa, analivua wigi, na sasa anayesema ni Winston mwenyewe, mfungwa wa Afrika Kusini. Watazamaji waliokuja kuangalia Wagiriki wanagundua kwamba tangu mwanzo walikuwa wakiangaliwa na jirani yao. Sijui njia safi kuliko hiyo ya kumtohoa mtunzi wa kale: kulivaa vazi lake kwa uaminifu hadi saa ya kulivua.

Mchezo huo na Sizwe Banzi ilikwenda London, kisha New York. Mwaka 1975 Kani na Ntshona walipewa kwa pamoja tuzo ya Tony ya mwigizaji bora wa kiume. Waliporudi nyumbani walikuwa wale wale wa kitabu cha pasi. Mwaka 1976 walikamatwa huko Transkei baada ya kuonyesha Sizwe Banzi.

Sisi wa Kiswahili tunayo mali kama hiyo rafuni. Baada ya Nyerere, Samuel Mushi alifasiri Makbeth na Tufani, na mwaka 1971 ikatoka tafsiri yake ya Mfalme Edipode, kisa cha Oedipus, baba yake Antigone. Wengi tumevikuta vitabu hivi shuleni, tukavisoma tukiwa tumeketi. Kundi la vijana lenye ukumbi wa shule, au kivuli cha mwembe tu, linaweza kuvisimamisha. Wasianze na maleba. Waanze kwa kuuliza mtaa wao unaomboleza nini, kisha wakitafute kitu hicho ndani ya mchezo, wakate kingine chote, na kile kitakachobaki wakihifadhi kwa ghibu.

New Brighton ilipata jibu la ombi la Antigone baada ya miaka 34. Mwaka 1998 mabaki ya Vuyisile Mini yalifukuliwa kutoka kaburi la fukara Pretoria, yakarudishwa nyumbani, naye akazikwa na watu wake kwa heshima, kwa jina lake.